Machozi kwa Lugha ya Mbali: Baladi za Kimagharibi na Nafasi ya Kiswahili Nyakiriba, Rubavu

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuzihukumu baladi za Kimagharibi kabla ya kuzisikiliza. Huziita kasumba, mabaki ya ukoloni, au starehe ya vijana waliosahau kwao. Hukumu hiyo haielezi kwa nini msikilizaji wa Nyakiriba, sekta ya wilaya ya Rubavu iliyo jirani na Gisenyi na mpaka wa Goma, akitaka kulia peke yake humwendea Céline Dion au Dolly Parton ilhali Kinyarwanda na Kiswahili vimemzunguka. Makala haya yanadai kwamba ni ugeni wenyewe wa lugha unaomfaa.

Wanyarwanda husema: *Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda*, yaani machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Methali hiyo haikanushi kilio, inakipangia njia. Wimbo wa lugha ya nyumbani huifichua njia hiyo, kwa kuwa kila aliye karibu huelewa maneno na huweza kuuliza kuna nini. Wimbo wa Kiingereza hauulizwi. Msikilizaji huweza kushika neno moja la kibwagizo tu, na sauti ikamtosheleza mengine.

Baladi zenyewe zinaruhusu matumizi hayo. "The End of the World", ulioimbwa na Skeeter Davis na kutolewa mwaka 1962, husikilizwa kama wimbo wa mpenzi aliyeachwa. Hata hivyo, mtunzi wa maneno yake, Sylvia Dee, aliyachota katika huzuni ya kufiwa na baba yake. Msiba umevikwa vazi la mapenzi. Kuelekea mwisho, Davis huacha kuimba kwa mistari michache na kusema tu, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Hapo hata asiyejua Kiingereza hutambua kwamba jambo limevunjika. "I Will Always Love You" ulisafiri kinyume chake. Dolly Parton aliutunga kumuaga Porter Wagoner, mwenzake wa kazi, na ukatoka mwaka 1974. Whitney Houston aliufanya wimbo wa mapenzi mwaka 1992, kisha ukapigwa jeneza lake lilipokuwa likitolewa kanisani mwaka 2012. Utunzi usiotaja anayeagwa humwachia kila mtu nafasi ya kumweka wake. (Wapo watakaouita huo udhaifu wa utunzi. Kwa kipimo cha ushairi wa Kiswahili, unaodai ujumbe bayana, huenda wana haki.)

Nchini Rwanda nafasi hiyo ina uzito wa pekee. Katika juma la *icyunamo*, kuanzia tarehe 7 Aprili kila mwaka, muziki wa starehe hunyamaza na nyimbo za kumbukumbu za Kinyarwanda hushika hewa. Huzuni ya umma ina lugha yake, na ni haki iwe nayo. Inayobaki ni huzuni ndogo isiyo na jukwaa: uchumba uliovunjika, mtoto aliyehama, kufeli mtihani. Mtu huona haya kuililia kwa lugha ileile inayobeba mauaji ya kimbari. Waliosoma kwa Kifaransa huipeleka kwa Kifaransa. Walioingia shule baada ya Kiingereza kufanywa lugha ya kufundishia mwaka 2008 huipeleka kwa Kiingereza.

Kiswahili hakimo katika mgawanyo huo. Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na hoja zilizotawala zilikuwa za biashara na mtangamano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gisenyi hoja hizo zina mashiko, kwani kwenye mpaka wa Goma bei hupatanwa kwa Kiswahili kila asubuhi. Lakini lugha iliyofungiwa sokoni hurudishwa kabatini pamoja na mizani.

Si kwamba Kiswahili kimekosa nyimbo za kilio. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki ya Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba "Kifo" kwa Kiswahili chepesi anachokielewa hata mwanafunzi anayeanza. Wimbo huo unalia juu ya magitaa ya dansi. Baladi humtenga mwenye majonzi na wenzake. "Kifo" humwita ukumbini alie akicheza. Kwa hiyo kuzitafsiri baladi kwa Kiswahili, kama inavyopendekezwa mara kwa mara, ni kazi bure: tafsiri itaondoa ule umbali uliozifanya zifae, na haitaleta ule ukumbi.

Watunga mitaala wangeweza kuanza na jambo dogo. Kitabu cha sekondari kiuweke "Kifo" kando ya "The End of the World", na wanafunzi wa Rubavu waulizwe ni wimbo upi wangeusikiliza mbele ya mama zao, na upi wangefunga mlango kwanza.