Inua Paa Kwanza

Nimechoka kuona rangi ikipewa zawadi. Katika maonyesho ya sayansi ya shule niliyohudhuria mwaka huu, nyumba ya mfano iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa na majani ya plastiki, mapazia madirishani na gari limeegeshwa uani. Majaji waliizunguka wakiisifu. Hakuna aliyeinua paa. Nilipoinua mimi, nilikuta waya za rangi moja zimesokotwa kwa vidole na kuzongwa selotepu; na ukiwasha taa ya sebuleni, ya jikoni inafifia.

Kufifia huko ndiko kipimo, na asiyeijua kazi hii hakuoni kamwe. Yeye hutazama kama taa inawaka. Lakini hata waya zilizogusana kwa bahati huwasha taa. Washa moja, ikazie macho, kisha washa ya pili. Globu ya tochi ya volti 2.5 hula takriban ampea 0.3. Maungio mabovu yenye ukinzani wa omu moja tu, yakiwa kwenye njia ya taa zote, hula karibu volti 0.3 kwa kila globu inayoongezeka. Kwa betri mbili za volti 3 jumla, hasara hiyo inaonekana. Mwanafunzi atasema betri zimechoka. Mpe mpya. Taa ikififia vilevile, tafuta maungio.

Fundi redio mmoja wa Tanga, niliyekuwa nikimtazama kazini ujanani, hakusifu sakiti yoyote kabla ya kuvuta kila waya. Alikwangua shaba mpaka ing'ae, akazungusha ncha, akapasha moto waya wenyewe na kuiacha risasi iyeyukie hapo. Ikikaa juu kama tonge, imepauka, alikata akaanza upya. Risasi iliyoshika hutambaa juu ya shaba, ikalala nyembamba na kung'aa.

Wadanganyifu nao wapo. Niliwahi kuona ghorofa la maboksi lenye swichi kila chumba, zote zimegundishwa tu ukutani bila waya. Taa zilikuwa za mapambo ya Krismasi, zimesukumwa nyuma ya kuta, na swichi iliyofanya kazi ilikuwa chini ya meza.

Mengine ni mepesi. Chanya nyekundu, hasi nyeusi. Swichi hukaa upande wa chanya. LED nyeupe huhitaji kama volti 3, kwa hiyo kwenye volti 6 iwekewe resista ya omu 150 au 220, aliyeiacha amebahatisha. Vyumba vinne vinatosha. Ngazi iwe na swichi juu na chini. Taa za buluu hazifai nyumbani.

Zamani tulitumia mbao nyembamba za masanduku ya chai na vishikio vya globu tulivyokata kwenye bati. Nyumba zile hazikuwa na sura, lakini uliweza kufuata mkondo kwa kidole kutoka betri hadi taa na kurudi. Bado nazipenda kuliko hizi za mapazia.

Jaji akishamaliza kuvuta waya, amuulize mwanafunzi, kabla mwanafunzi huyo hajagusa kitu: ukichomoa globu ya chumbani, zipi zitazimika? Aliyejenga kwa mikono yake hujibu papo hapo, na kueleza sababu. Aliyejengewa humtazama mwalimu wake, na huyo asipewe alama hata moja ya sakiti.