Mapazia Mawili ya Kamera

Mwezi uliopita, katika maonyesho ya picha mjini Mombasa, nilisimama mbele ya picha ya jahazi lililotia nanga katika jua kali, iliyopigwa kwa kamera ya filamu yenye umri mkubwa kuliko wa mpigaji, na mtu mmoja mwenye ufasaha alikuwa akiwaeleza wenziwe kwamba kiza kilichotanda upande wa kulia wa picha ile ni huzuni ya bahari, na kwamba ustadi wa namna hiyo haujaonekana pwani kwa muda mrefu. Wenziwe wakaafiki. Nikahamia picha ya pili, ya wachuuzi wa samaki, na kiza kilikuwa upande uleule. Ya tatu ilikuwa ya mnara wa msikiti, na mpigaji alikuwa ameisimamisha kamera wima; kiza kilikuwa kimepanda juu, kimeketi mbinguni. Ya nne ilipigwa barazani, kivulini, nayo haikuwa na kiza hata chembe. Hapo sikuwa na haja ya ushahidi mwingine. Mapazia ya shata yalikuwa yameacha kwenda pamoja, na kijana mpigaji aliyestahiki kuonyeshwa maradhi ya chombo chake alikuwa akisifiwa kwa maradhi hayo.

Asiyeijua kamera huinunua kwa macho. Hutazama ung'avu wa chuma, husoma jina, huielekeza lenzi kwenye mwanga akitafuta ukungu, na sindano ya mita ikitikisika moyo wake hutulia. Si vibaya kuyatazama hayo. Ukungu wa lenzi ni adui mkubwa katika hewa yetu yenye chumvi na unyevu, na sponji za mlango zikizeeka huyeyuka na kunata kama ulimbo. Lakini sponji hubadilishwa kwa saa moja. Mita nayo haifai kutegemewa kupita kiasi, kwa kuwa kamera nyingi za miaka ya 1960 zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, na ukizitia betri ya leo ya volti 1.5 sindano husema uongo kwa adabu zote. Mpiga picha wa kweli huujua mwanga wa jua bila sindano.

Uhai wa kamera umo katika shata. Chukua Pentax K1000, iliyouzwa tangu mwaka 1976 hata 1997, ambayo wanafunzi wengi wa fani hii wameanza nayo. Ina mapazia mawili ya kitambaa. Kwenye spidi ya 60, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde, pazia la kwanza hufika mwisho, dirisha likawa wazi lote, ndipo la pili lifuate. Lakini ukipanda juu ya hapo, la pili huondoka kabla la kwanza halijafika, na baina yao hubaki mwanya unaokimbia mbele ya filamu. Kwenye 1000 mwanya huo una upana wa milimita chache tu, nao sharti uvuke milimita 36 bila kupanuka wala kufinyika. Sasa fikiri kamera iliyolala kabatini miaka ishirini, grisi yake imekauka: pazia la kwanza linakokoteka, la pili linalikaribia, mwanya unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyosafiri, na ukingo mmoja wa filamu unapata nuru haba au haupati kabisa. Aliyewasha flashi kwenye 250 amepata kuona sehemu kubwa ya picha ikiwa nyeusi, lakini hilo ni kosa la mpigaji. Hili ninalolisema ni la kamera, na huja kidogo kidogo, kwa upole, kiasi cha kudhaniwa kuwa ni uzuri.

Tena hujificha. Ukitia filamu ya ISO 400 na kutoka mchana wa pwani, kwenye tundu la lenzi la 16 jua linakutaka 500. Fungua hata 11, umefika 1000. Kwa hiyo ubovu huonekana katika picha za juani peke yake, na za kivulini, zilizopigwa kwenye 125, hutoka salama. Wauzaji wa hadaa wanalijua jambo hili barabara. Nimemwona mmoja akimfyatulia mnunuzi kamera mara kumi ndani ya duka, na mara zote kumi kidole chake hakikuligusa gurudumu la spidi.

Wako na mafundi wa hadaa, ambao badala ya kufungua kamera, kusafisha grisi iliyokauka na kutia mpya kwa kipimo, hukaza springi za mapazia na kukurudishia chombo siku hiyohiyo. Kamera yangu moja ilifanyiwa hivyo nikiwa kijana. Ilipiga vizuri miezi michache, kisha utepe wa pazia ukakatika katikati ya arusi ya binamu yangu. Fundi aliyenifunza alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliweka karakanani televisheni ya zamani ya kioo kinene, akafungua mgongo wa kamera, akaielekeza kwenye kioo hicho na kufyatua kwenye 1000, nao utepe wa mwanga ulioonekana ndani ya dirisha, ukiwa sawasawa mwanzo hata mwisho, ulimridhisha. Ukiwa umechongoka, alikuwa hapokei malipo.

Asiye na televisheni hiyo na atafute ukuta mweupe ulio kivulini. Aupige kwenye tundu la 16 kwa 60, kisha kwenye tundu la 4 kwa 1000. Nuru ni ileile, na negativu mbili hizo lazima zifanane. Lenzi ikifunguliwa huweza kutia kiza pembe zote nne. Shata mbovu hutia upande mmoja. Sikio nalo lisaidie: kwenye sekunde moja mtambo hulia mlio mmoja mrefu usiokatika, na unaojikwaa usiununue.

Sinunui kamera iliyotunzwa ndani ya mkoba wa ngozi. Kamera bora huwa na chuma kilicholika penye vidole, kwa kuwa kinachotumika hakigandi. Na picha ya filamu haikatwi kingo, kwa kuwa ukingoni ndiko maradhi ya shata huonekana.

Nyumbani kwetu ipo picha ya babu, kazi ya studio moja ya Unguja katika zama ambazo mpiga picha Ranchhod Oza alikuwa na Capital Art Studio, aliyoifungua mwaka 1930. Weupe wa kanzu yake ni mmoja tangu bega hili hata lile, na ukuta wa nyuma yake una kijivu kimoja kama maji yaliyotulia. Watu wa studio ile wangeitupa picha ya jahazi kabla haijakauka.

Nilimtafuta kijana yule, nikamweleza habari ya ukuta. Juma lililofuata alinijia na mkanda wa negativu, tukaushika dirishani. Fremu ya 60 ilikuwa na weusi sawa pande zote. Ya 1000 ilififia kuelekea ukingo hata ikawa kama kioo kitupu. Alinyamaza kitambo, akaukunja mkanda, akauliza, "Mzee, fundi anakaa wapi?"