Jinsi Virusi vya Rota Vinavyoiibia Seli Kalsiamu

Seli nzima ni bahili wa kalsiamu. Katika saitoplazimu huiweka kidogo mno, pungufu ya ile ya nje kwa takriban mara 10,000, na akiba huifungia ndani ya ghala, yaani retikulamu ya endoplazimu. Virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto wadogo, huzaliana kwa kuuvunja ubahili huo: ganda lao la nje, la protini VP7, halishikamani bila kalsiamu.

Mwizi ni NSP4, protini ya virusi hivyo yenye asidi amino 175, inayojipachika kwenye utando wa ghala hilo. Mwaka 2010, Joseph Hyser, Mary Estes na wenzao wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, walionyesha kuwa sehemu yake mojawapo hutoboa utando. Waliizalisha ndani ya bakteria wa E. coli, bakteria wakapasuka. Walipobadilisha asidi amino chache za sehemu hiyo, uwezo huo ulipotea, na katika seli za mamalia kalsiamu haikupanda tena.

Lakini tundu ni mwanzo tu. Ghala likipungua, protini ya seli iitwayo STIM1 huhisi upungufu na kufungua njia za utando wa nje ili akiba ijazwe. Kwa kuwa ghala linaendelea kuvuja, halijai, na kalsiamu ya nje huzidi kuingia. Kwangu huu ndio ujanja wenyewe: kazi kubwa inafanywa na seli, kwa utaratibu wake halali.

Kundi la Hyser lilirudi mwaka 2020 katika jarida la Science, safari hii likipiga picha mfululizo za seli zenye protini inayong'aa kalsiamu inapopanda. Yakaonekana mawimbi yakitoka kwenye seli iliyoambukizwa na kuenea kwa jirani zisizo na kirusi hata kimoja. Mjumbe alikuwa molekuli ya ADP, anayepokelewa na kipokezi P2Y1. Kipokezi kilipozibwa, mawimbi yalipungua, virusi vikazaana kidogo, na panya wachanga wakaharisha kidogo. Ndiyo maana seli chache zilizoambukizwa zinaweza kusumbua sehemu ya utumbo iliyo kubwa kuliko eneo lao.

Hata hivyo, P2Y1 huzisaidia pia chembe sahani kugandisha damu. Dawa ya kuziba kipokezi hicho kwa mtoto ingepaswa kubaki utumboni, isipenye hadi kwenye damu.