Nicolas na nusu ya neno

Mara nyingi wazazi hutuuliza: «Ni sinema gani tunayoweza kuitazama pamoja na watoto wetu bila haya?» Leo tunayo moja ya kuwatajia. Jina lake ni «Le Petit Nicolas», ndiyo kusema Nicolas Mdogo. Ilitoka Ufaransa mwaka 2009, na aliyeiongoza ni Laurent Tirard. Huko Ufaransa watu zaidi ya milioni 5 waliingia kuitazama. Lakini wingi wa watu si ushuhuda wa uzuri. Na tuipime wenyewe.

Nicolas hakuzaliwa katika sinema. Alizaliwa mwaka 1955 katika Le Moustique, gazeti la kila juma la Ubelgiji. René Goscinny alitunga maneno, Jean-Jacques Sempé alichora, na habari ilikwenda kwa picha zenye kufuatana. Tangu mwaka 1959 mabwana hao wawili walianza upya kwa namna nyingine: hadithi za kusomwa, na picha chache kando yake. Humo Nicolas mwenyewe ndiye asemaye. Anaeleza mambo ya wakubwa kama anavyoyaona yeye, naye msomaji anaelewa zaidi kuliko yeye. Hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Sinema imeshika vizuri siri hiyo. Nicolas ni mtoto wa pekee, anapendwa nyumbani, hana shida. Siku moja mwenzake Joachim anawaambia dalili za mtoto mchanga kuja: baba anakuwa mpole ghafula, hata anatoa takataka nje bila kunung'unika. Kumbe, jioni ile ile Nicolas anaona baba yake akifanya hivyo hivyo! Tena wazazi wanapanga matembezi ya msituni. Basi Nicolas anakumbuka hadithi ya Petit Poucet, mtoto aliyeachwa msituni na wazazi wake, na moyo wake unajaa hofu. Anajisemea kwamba mtoto mpya akija, yeye atatupwa.

Yeye na rafiki zake wanafanya shauri baya: kumlipa mhalifu ili amwibe mtoto huyo. Yahitajiwa faranga 500. Ili kuzipata wanauza dawa ya nguvu waliyoipika wenyewe, nasi tunamkumbuka Goscinny yule yule aliyemtunga Astérix pamoja na Uderzo.

Mzazi mmoja ataweza kutuuliza: «Je, ni vema watoto wetu kuona watoto wenzao wakipanga wizi wa mtoto?» Swali ni la haki. Sisi tunajibu hivi: sinema haisifu shauri lile. Inaonyesha mzizi wake. Nicolas hamchukii mdogo wake, maana hata hamjui. Anaogopa kukosa kupendwa, na hofu hiyo inageuka kuwa ukatili pasipo yeye kujua. Wangapi kwetu wamemwona mtoto aliyeondolewa mgongoni mwa mama kwa sababu mwingine amezaliwa, akimfinya mdogo wake wakati watu hawatazami? Twampiga, twasema ana roho mbaya. Labda ana uchungu tu, wala hapana aliyemwambia neno.

Lakini si yote tunayoyasifu. Karamu ya bwana mkubwa wa kazi, ambaye baba anatumaini kuongezewa mshahara naye, ina makelele mengi, na mama anafanywa kichekesho kupita kiasi. Clotaire, mtoto asiyejua masomo, na Alceste, mnene mwenye kula daima, wanachekwa tena na tena kwa jambo lile lile. Kumcheka mtu mara moja kwa upendo ni mchezo. Kumcheka kila mara kwa udhaifu wake ni kumdharau. Tena nyumba, njia na nguo zote ni safi mno, kama picha za posta. Kalamu ya Sempé ilikuwa na mistari michache, ikatuachia nafasi ya kufikiri. Sinema inajaza kila pembe kwa rangi.

Hata hivyo, jambo moja limetugusa. Nani anamponya Nicolas hofu yake? Si baba, wala si mama, wala si mwalimu wake. Ni Joachim, ambaye amekwisha pata mdogo wake, naye anasimulia kwamba ni furaha kuwa kaka. Wazazi wa Nicolas ni watu wema, wanampenda kweli, nao hawajui hata kidogo kwamba mtoto wao ameishi siku nyingi katika hofu ya kutupwa. Watazamaji wanacheka. Lakini mzazi akitazama vizuri, kicheko kitamkwama kooni.

Tangu mwanzo Nicolas anaulizwa atafanya kazi gani akikua, naye hana jibu. Mwishoni amelipata: atawachekesha watu. Ni kazi njema, ikifanywa kwa upendo.

Basi, wazazi, itazameni pamoja na watoto wenu. Mkirudi nyumbani, msiwaulize tu kama wamecheka. Waulizeni wanaogopa nini. Watoto wetu wanasikia nusu ya maneno yetu kila siku, mlangoni, mezani, usiku tukidhani wamelala. Nusu ya pili ni juu yetu kuwapa.