Uhalisia Ulioongezwa katika Utengamao Baada ya Kiharusi: Uhakiki wa Msingi wa Ulinganishi

Hoja ya wanaotetea uhalisia ulioongezwa katika utengamao wa watu walioumia ubongo ni kwamba teknolojia hii haimtengi mgonjwa na vitu vyake. Mtu aliyepooza mkono kwa kiharusi hushika kikombe halisi, huku miwani au skrini ikimwonyesha, juu ya kikombe hicho hicho, njia ambayo mkono unapaswa kuifuata. Katika uhalisia pepe, kikombe chenyewe ni picha. Paul Milgram na Fumio Kishino waliipambanua tofauti hiyo mwaka 1994, na ni tofauti ya msingi.

Hata hivyo, ushahidi unaotajwa mara kwa mara hautokani na teknolojia hiyo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yenye majaribio 72 na washiriki 2,470, yanahusu uhalisia pepe na michezo ya video. Kwa mkono, mbinu hizo hazikuipita tiba ya kawaida. Manufaa yalionekana zilipoongezwa juu ya tiba hiyo, yaani pale ambapo muda wa mazoezi nao uliongezeka. Kinachosifiwa kuwa ni nguvu ya kifaa huenda ni nguvu ya muda.

Jaribio la EVREST, lililoongozwa na Gustavo Saposnik na kuchapishwa mwaka 2016, lilikwepa mtego huo. Wagonjwa 141 katika nchi nne walipangiwa vipindi kumi vya dakika 60: kundi moja lilicheza Nintendo Wii, jingine karata, bingo, Jenga au mpira. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililolishinda jingine. (Bei ya karata haihitaji kutajwa.)

Mtetezi atajibu kuwa Wii si uhalisia ulioongezwa, na jibu hilo ni sahihi. Lakini halimfikishi mbali. Kundi la pili lilishika vitu halisi, na kipimo kikuu kilichotumika, cha Wolf, kina kazi ya kugeuza karata na ya kuzungusha ufunguo katika kufuli. Iwapo kugusa kitu halisi ndiko kunakoponya, kundi hilo lingepaswa kutangulia. Halikutangulia. Kwa hiyo EVREST haiwezi kukataliwa kwa upande wa Wii na kusahauliwa kwa upande wa karata. Inadhoofisha pia dai ambalo uhalisia ulioongezwa umejengewa.

Linalobaki kuthibitishwa ni mchango wa picha yenyewe. Kulinganisha miwani na tiba ya kawaida hakutoshi, kwa kuwa vitu vingi hubadilika kwa pamoja: kitu kinachoshikwa, muda, hamu ya mgonjwa na uangalizi anaopewa. Ulinganishi unaofaa ni mwembamba zaidi: kikombe kile kile, dakika zile zile, mtaalamu yule yule wa tiba ya viungo, kundi moja likiwa na picha na jingine bila picha, kisha wote wapimwe nyumbani kwao, miwani ikiwa imevuliwa.