Toleo Lipi? Mashabiki wa Jazi na Suala la Matini katika Uhakiki wa Nyimbo za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanatetea dai kwamba mashabiki wa jazi, wanapobishana kuhusu santuri, matoleo mapya na maonyesho ya jukwaani, hufanya uhakiki wa matini kwa umakini ambao sisi wahakiki wa nyimbo za Kiswahili bado hatujaufikia. Kwa kutumia mifano kutoka jazi ya Marekani na historia ya bendi za dansi za Tanzania, makala yanaonesha kuwa fasiri ya wimbo hutegemea toleo lililosikilizwa. Mwishoni yanapendekeza namna ya kulitaja toleo hilo katika kazi za kitaaluma.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya wanafunzi wa shahada ya umahiri, niligawa matini ya wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya 1960 ambayo niliinukuu mwenyewe kwa kuusikiliza. Katika wimbo huo mwanamume anamuuliza mkewe swali, jibu halisikiki, magitaa yanaendelea kidogo, kisha wimbo unakwisha. Nilijenga hoja ndefu juu ya kimya hicho. Nilisema mtunzi amemnyima mwanamke sauti kwa makusudi, na kwamba mwisho huo ulio wazi unamtwika msikilizaji kazi ya kutoa hukumu. Juma lililofuata mwanafunzi mmoja alikuja na rekodi aliyoipata kwa mjomba wake, mkusanyaji wa santuri. Mwanamke alijibu, tena kwa beti mbili. Nilichokihakiki kama mwisho wa wimbo kilikuwa mwisho wa upande wa kwanza wa santuri.

Siutaji wimbo huo kwa kuwa kosa halikuwa lake. Mjomba yule, ambaye hakuwahi kusomea fasihi, alipoelezwa hoja yangu aliuliza swali moja tu: mwalimu wenu alisikiliza toleo lipi? Swali hilo halikuwamo katika mafunzo yangu ya isimu wala ya fasihi. Lakini ndilo swali la kwanza la mashabiki wa jazi popote walipo, na makala haya yanadai kuwa linapaswa kuwa la kwanza kwetu pia.

2.0 Shabiki wa jazi kama mhakiki wa matini

Shabiki wa jazi haridhiki kujua kuwa kibao ni kizuri. Hutaka kujua kilirekodiwa tarehe gani, wapi, nani alipiga ala ipi, na kama kinachosikika ni jaribio la kwanza au la nne la siku hiyo. Rekodi alizofanya Charlie Parker katika miaka ya 1940 kwa kampuni za Savoy na Dial zimebaki na majaribio kadhaa ya kibao kilekile. Wasikilizaji huyalinganisha moja kwa moja, kwa sababu sehemu ya ubunifu wa papo kwa papo hubadilika kila mara. Kwao, tofauti hizo ndizo zinazostahili kusomwa.

Mifano miwili itaonesha uzito wa desturi hii. Wa kwanza ni albamu ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue, iliyorekodiwa Machi na Aprili 1959. Mashine iliyotumika kurekodi vibao vitatu vya upande wa kwanza ilikuwa ikizunguka polepole kuliko ilivyotakiwa. Utepe ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ulitoka kwa kasi kidogo na sauti ikapanda kuliko ilivyopigwa. Kasoro hiyo ilidumu katika matoleo ya zaidi ya miaka 30, hadi iliporekebishwa katika toleo jipya la miaka ya 1990. Aliyejifunza vibao hivyo kwa kuifuatisha santuri alikuwa akifuatisha kosa la mashine.

Mfano wa pili unagusa moja kwa moja onyesho la jukwaani. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, bendi ya Duke Ellington ilipiga katika tamasha la jazi la Newport, Marekani. Katika Diminuendo and Crescendo in Blue, mpiga saksafoni Paul Gonsalves alizunguka mizunguko 27 ya bluzi mfululizo, na umati ukalipuka. Albamu iliyotoka baadaye ilisikilizwa kama kumbukumbu ya usiku huo. Kumbe sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa upya studio siku chache baadaye, na makofi yakapachikwa. Gonsalves mwenyewe anasikika kwa mbali katika santuri hiyo, kwani alipulizia kipaza sauti cha redio ya Sauti ya Amerika badala ya kile cha kampuni ya santuri. Mwaka 1999, baada ya utepe wa redio kupatikana, vyanzo viwili viliunganishwa na onyesho likatolewa kamili.

Mhakiki aliyeandika kuhusu uhusiano wa bendi na hadhira kwa kutegemea albamu ya 1956 alikuwa na sababu nzuri katika kibao cha Gonsalves, kwa kuwa kelele zile zilikuwa za kweli. Katika baadhi ya vibao vingine alikuwa akihakiki kazi ya fundi mitambo. Mashabiki ndio waliozoea kuzitenganisha sehemu hizo, na kwao jambo hilo si la pambizoni. Bila kujua hadhira ipi ilikuwapo, hakuna la kusema kuhusu hadhira.

3.0 Tunachokijua tayari

Mtu anaweza kusema kuwa haya ni mambo ya jazi ya wenzetu. Sivyo. Nadharia yetu wenyewe ya fasihi simulizi imeyatamka. Mulokozi (1989) alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati ni sehemu ya kazi yenyewe. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili anayemaliza shahada ya kwanza bila kukutana na hoja hiyo. Vilevile, tunapohariri utenzi kama Al-Inkishafi hatuthubutu kutumia mswada mmoja bila kuutaja. Tunalinganisha miswada, tunaonesha ubeti uliozidi na neno lililotofautiana.

Ajabu ni kwamba wimbo wa dansi umeangukia kati ya mapokeo hayo mawili na kukosa malezi ya yote mawili. Kwa kuwa umerekodiwa, tunauona kama umekwisha kuganda, hivyo hatuuchunguzi kama tukio. Kwa kuwa haukuandikwa, hatuuhariri kama mswada. Matokeo yake ni tasnifu nyingi zinazonukuu beti za wimbo, kutaja jina la mwimbaji na pengine mwaka, kisha kuingia moja kwa moja katika dhamira. Utepe wa redio, santuri, kaseti na onyesho la ukumbini huhesabiwa kuwa kitu kimoja.

4.0 Jazi yetu na matoleo yake

Neno jazi lenyewe lilibadilika lilipofika kwetu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na Kilwa Jazz hazikupiga muziki wa Parker. Kama ilivyokuwa kwa African Jazz na OK Jazz za Kongo, jina hilo lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na mara nyingi tarumbeta na saksafoni. Kiswahili kiliazima jina na heshima yake, kisha kikalipa maana mpya. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo muziki wa pande zote mbili ulishiriki: kibao kilikuwa na maisha mengi, na rekodi ilinasa moja tu kati ya hayo.

Fikiria safari ya wimbo mmoja. Bendi iliupiga ukumbini kwa muda mrefu kadiri wachezaji walivyotaka, huku sehemu ya mwisho, chemko, ikirefushwa na waimbaji wakiingiza majina ya waliohudhuria. Wimbo huohuo ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo. Ulipotolewa kwenye santuri ya mizunguko 45 kwa dakika, aghalabu iliyochapwa Nairobi, ulibanwa katika dakika chache za kila upande, au ukakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Miaka mingi baadaye baadhi ya nyimbo zilitolewa upya ng'ambo, mathalani katika mkusanyo The Tanzania Sound wa kampuni ya Original Music na katika mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa. Mhariri wa toleo la namna hiyo hulazimika kuamua: aunganishe pande mbili au aziache, achague nakala ipi, aupe wimbo jina la bendi lipi.

Hilo la jina si dogo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliitwa baadaye JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Wimbo wa kusifu kazi uliopigwa na bendi ya chama cha wafanyakazi hausomeki sawasawa na wimbo huohuo ukirudiwa na bendi inayojitegemea kwa viingilio vya ukumbini. Maneno yanaweza kuwa yaleyale; anayesema na anayelipwa kuyasema wamebadilika.

Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde wanayajua haya. Katika mabishano yao utasikia mtu akikana kabisa kuwa kibao fulani ni kilekile, kwa sababu mpiga solo aliyekuwapo wakati ule ameondoka, au kwa sababu kiitikio cha siku hizi kimefupishwa. Huo ni uhakiki wa matini, ingawa hutolewa kwa sauti ya juu na mbele ya meza yenye chupa.

5.0 Mipaka ya ushabiki

Sitaki kudai kuwa tumwige shabiki katika kila jambo. Ushabiki una maradhi yake, na kubwa ni ibada ya nakala ya kwanza. Mkusanyaji hupenda kuamini kuwa santuri ya awali ndiyo kweli na kilichofuata ni uchakavu. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionesha kuwa katika sanaa simulizi dhana ya matini asilia inapotosha, kwa kuwa kila uwasilishaji ni kazi kamili. Majaribio ya Parker yanathibitisha jambo hilo hata katika studio. Aidha, shabiki anaweza kushughulikia ubora wa sauti hadi akasahau maneno, na katika nyimbo zetu maneno ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa.

Tunachohitaji, basi, ni usahihi wa shabiki bila ibada yake. Toleo linatajwa ili msomaji ajue hoja inasimama juu ya nini, si kwa sababu moja ni takatifu kuliko jingine.

6.0 Hitimisho

Napendekeza kwamba kila makala au tasnifu inayonukuu wimbo ioneshe mambo matano: jina la bendi kama lilivyokuwa wakati wa kurekodi, mtunzi na mwimbaji, chombo kilichosikilizwa, yaani utepe wa redio, santuri na upande wake, kaseti, toleo jipya au onyesho, mahali na wakati, na urefu wa rekodi kwa dakika. Pale ambapo mojawapo halijulikani, iandikwe hivyo. Matini iliyonukuliwa nayo ioneshe mahali ala zinapoingia na kiitikio kinaporudiwa mara ngapi, maana marudio ni sehemu ya usemi. Wasimamizi wa tasnifu tuna wajibu wa kulidai hilo kabla ya kusoma sura ya dhamira.

Baada ya semina ile niliandika upya uchambuzi wangu. Hoja ya kimya cha mwanamke ilikufa. Mahali pake ilizuka nyingine, niliyoiona kuwa bora: kwamba msikilizaji wa siku zile, ili amsikie mwanamke, ilimbidi ainuke kitini na kuigeuza santuri. Hoja hiyo nisingeipata kwa kusoma beti peke yake, na sikuipata hadi shabiki aliponiuliza nilisikiliza toleo lipi.