Sababu Kwanza, Bunduki Baadaye: Jinsi Australia Ilivyopanga Upya Umiliki wa Silaha

Mageuzi ya sheria ya silaha ya Australia yanajulikana duniani kwa picha moja: marundo ya bunduki yakisagwa na mitambo. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imewafanya wengi waelewe nusu tu ya yaliyofanyika mwaka 1996. Kukusanya bunduki kulichukua muda wa mwaka mmoja, kukaisha. Kilichobaki mpaka leo, na ambacho kwa maoni yangu ndicho kazi yenyewe, ni utaratibu wa kuomba silaha uliopinduliwa. Mwombaji huulizwa kwanza anaitaka silaha ya nini, halafu yeye ni mtu gani, na mwisho ndipo inapozungumzwa bunduki ipi.

Chanzo kinajulikana. Jumapili ya tarehe 28 Aprili 1996, kijana wa miaka 28 aliingia katika mkahawa wa Broad Arrow huko Port Arthur, kisiwani Tasmania, mahali ambapo watalii huenda kutazama magofu ya gereza la zama za ukoloni. Katika muda usiotimia dakika mbili, watu 20 walikuwa wamekufa ndani ya mkahawa na duka la zawadi lililoungana nao. Mpaka alipokamatwa kesho yake, waliouawa walifika 35. Hakuwa na leseni ya silaha.

Mkahawani alitumia AR-15, bunduki inayojipakia yenyewe, na ufundi wake ni lazima uelezwe kwa sababu sheria yote ilijengwa juu yake. Bunduki ya komeo, ile waliyoizoea wawindaji, humlazimu mpigaji avute komeo kwa mkono, ganda litoke, risasi nyingine iingie, kisha alenge upya. Bunduki inayojipakia hutumia gesi ya risasi iliyotoka kuifanya kazi hiyo yote, na mpigaji hubaki na jambo moja tu la kufanya: kufyatua, tena na tena, mpaka magazini iishe. Kwa mwindaji mwenye shabaha tofauti hiyo ni ya sekunde chache. Kwa watu waliobanwa kati ya meza, sekunde hizo ndizo za kukimbilia mlangoni.

Onyo lilikuwa limetolewa zamani. Mwaka 1987 jiji la Melbourne lilipata mashambulizi mawili, Hoddle Street mwezi Agosti na Queen Street mwezi Desemba. Viongozi walikutana Hobart mwishoni mwa mwaka huo wakashindwa kupatana, na Barrie Unsworth, waziri kiongozi wa New South Wales, akatamka kwamba nchi haitapata mageuzi ya silaha mpaka yatokee mauaji makubwa Tasmania. Mwaka uliofuata alishindwa uchaguzi, na msimamo wake kuhusu bunduki ulitajwa miongoni mwa sababu. Wanasiasa waliliona hilo na wakajifunza kunyamaza. Mwaka 1991 watu saba wakauawa Strathfield, kitongoji cha Sydney, na bado majimbo yakaendelea kila moja na sheria yake. Queensland na Tasmania ndiyo yaliyokuwa na ulegevu mkubwa zaidi.

Tatizo la kwanza la John Howard, aliyekuwa waziri mkuu kwa muda wa miezi miwili hivi, lilikuwa la kikatiba. Katiba ya Australia haiipi serikali kuu mamlaka juu ya nani amiliki bunduki. Hayo ni ya majimbo. Serikali kuu ina forodha na ina kodi. Howard alivitumia vyote viwili. Kwa forodha alifunga mlango wa kuingiza bunduki zinazojipakia, na kwa kuwa Australia ni kisiwa kinachoagiza karibu bunduki zake zote za kiraia kutoka nje, mlango huo ukifungwa hakuna njia rahisi ya kuuzunguka. Kwa kodi alipata fedha ambazo majimbo yasingeweza kuzitoa. Juu ya hayo aliweka tishio: jimbo likikataa, atawaendea wananchi kwa kura ya maoni ili mamlaka yenyewe yahamishwe. Tarehe 10 Mei, siku 12 baada ya mauaji, mawaziri wa polisi wa majimbo yote walikubaliana masharti ya pamoja.

Masharti hayo yalizipanga bunduki katika makundi. Kundi A ni silaha kama bunduki za upepo, bunduki ndogo za .22 zisizojipakia na shotigani za kuvunja, zile zinazokunjwa katikati ili kupakiwa. Kundi B ni bunduki kubwa zaidi za komeo au za risasi moja, pamoja na gobore. Kundi C ni .22 zinazojipakia zenye nafasi ya risasi zisizozidi kumi, na shotigani zinazojipakia au za pampu zenye nafasi zisizozidi tano. Kundi D ni bunduki kubwa zinazojipakia, za aina ile iliyotumika Port Arthur. Bastola zina kundi lake, H. Raia wa kawaida alibakiziwa A na B. Kundi C liliachiwa hasa wakulima wenye haja ya kweli, tena bunduki moja ya kila aina, na D likawekwa kwa kazi za serikali na watu wanaoua wanyama waharibifu kama kazi yao.

Hata hivyo makundi peke yake yasingetosha, kwa sababu orodha ya silaha ni kitu ambacho watengenezaji hupata njia ya kukikwepa. Moyo wa mapatano ni kifungu cha sababu halisi. Mwanamichezo lazima awe mwanachama wa klabu ya shabaha iliyoidhinishwa. Mwindaji lazima alete uthibitisho kwamba mwenye ardhi amemruhusu kuwinda katika ardhi yake. Mkulima anaonyesha shamba, na mfanyakazi anaonyesha kazi. Tazama jinsi zilivyochaguliwa: kila sababu ina shahidi aliye nje ya mwombaji. Ofisa wa leseni hana haja ya kuisoma nafsi ya mtu aliye mbele yake, maana anaweza kuiuliza klabu kama huyu ni mwanachama, au kumpigia simu mwenye shamba.

Ndiyo maana ulinzi binafsi ulikataliwa, tena kwa maneno ya wazi kabisa katika mapatano. Wengi walilisoma katazo hilo kama dharau kwa hofu ya raia, hasa wanaoishi mbali na kituo cha polisi. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Hofu haina shahidi. Mwenye hofu ya kweli na mwenye nia mbaya huandika sentensi ileile kwenye fomu, na ofisa hana mtu wa tatu wa kumuuliza. Hofu vilevile haina kikomo cha silaha: bunduki ya kuwinda sungura inajulikana ukubwa wake, lakini anayeogopa watu asiowajua ataomba yenye risasi nyingi kadiri inavyowezekana. Katika nchi zetu ulinzi wa nafsi na mali hukubaliwa kuwa sababu ya kuombea leseni, hasa ya bastola, na mahali penye ujambazi siwezi kusema hoja hiyo ni ya bure. Ila anayeikubali ajue amempa ofisa kazi ya kupima kitu kisichopimika, na kazi ya namna hiyo ndiyo huingiliwa na kujuana na rushwa.

Baada ya sababu hufuata mtu. Umri wa miaka 18, mafunzo ya usalama, leseni yenye picha isiyozidi miaka mitano. Anayewekewa amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani hupoteza leseni na silaha huchukuliwa. Halafu hufuata bunduki yenyewe: kila moja ina kibali chake, na mapatano yalitaka mwombaji asubiri siku 28 kabla ya kukipata. Siku hizo humpa polisi muda wa kuchunguza, na humpa mtu aliyekasirika muda wa kupoa. Mauzo ya mkono kwa mkono na kwa posta yalizuiwa, yapitie kwa muuzaji mwenye leseni. Risasi zinauzwa kwa bunduki unayomiliki kihalali tu, na nyumbani zinafungiwa mbali na bunduki.

Ndipo tufike kwenye fedha zilizokuwa nyuma ya picha ile ya bunduki zilizosagwa. Watu walikuwa wamezinunua bunduki hizo kihalali, na Katiba inataka serikali kuu ikitwaa mali ya mtu ilipe kwa haki. Bunge likapandisha tozo ya Medicare, bima ya afya ya umma, kutoka asilimia 1.5 hadi 1.7 ya kipato kwa mwaka mmoja. Kila mlipa kodi, mwenye bunduki na asiye nayo, akachangia. Kuanzia Oktoba 1996 hadi Septemba 1997 zilisalimishwa bunduki zaidi ya 640,000, na wamiliki wakalipwa takriban dola za Australia milioni 320. Naona hekima kubwa katika kulipa. Mkulima aliyetoka kituoni na hundi mkononi alikuwa na hasira, ndiyo, lakini hakuwa ameporwa, na hakuwa na sababu ya kuizika bunduki yake bustanini.

Hasira hizo zilikuwa kali. Mwezi Juni Howard alikwenda kuzungumza na wamiliki wa bunduki katika mji wa Sale, Victoria, akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti, jambo ambalo baadaye alisema alilijutia. Mzigo mzito zaidi aliubeba naibu wake, Tim Fischer, kiongozi wa chama cha National ambacho kura zake nyingi ni za vijijini. Alizunguka kwa watu wake akitetea kitu walichokichukia. Mwezi Julai baadhi ya majimbo yalitaka bunduki zilizopigwa marufuku zibanwe tu magazini zake ili zipakie risasi chache, kisha zirudishwe kwa wenyewe. Kwa mtazamo wa fundi pendekezo hilo lilikuwa bovu, kwani kinachobanwa karakana moja hupanuliwa karakana nyingine, na Howard akalikataa. Gharama ya kisiasa ililipwa Queensland mwaka 1998: chama kipya cha One Nation, kilichobeba pia manung'uniko ya wenye bunduki, kilipata viti 11, na serikali ya Rob Borbidge ikaanguka.

Je, michezo ilikufa? Miezi mitatu baada ya Port Arthur, kwenye Olimpiki ya Atlanta, Michael Diamond na Russell Mark walishinda dhahabu mbili kwa Australia katika kulenga visahani vya udongo. Mchezo huo huchezwa kwa shotigani ya mitutu miwili, silaha ya kundi A ambayo haikuguswa.

Kuhusu matokeo ni lazima tuseme kwa uangalifu. Vifo vya risasi vilikuwa vikipungua hata kabla ya 1996, na baadaye vikapungua kwa kasi zaidi, hasa vya kujiua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulihesabu mashambulizi 13 yaliyoua watu watano au zaidi kati ya 1979 na 1996, na halikupatikana hata moja kuanzia 1997 hadi Mei 2016. Watafiti haohao walikiri kwamba vifo vya kuua na kujiua visivyohusu bunduki navyo vilishuka, hivyo hawakuweza kuipa sheria sifa yote. Mwaka 2018, huko Osmington, magharibi mwa nchi, watu sita wa familia moja waliuawa shambani kwao kabla ya muuaji kujiua, na bunduki zilikuwa na leseni. Shahidi wa nje huona shamba na klabu; ndani ya nyumba haoni.

Sheria yenyewe imelazimika kushonwa viraka. Mwaka 2002 mwanafunzi aliyemiliki bastola kihalali aliua wenzake wawili katika Chuo Kikuu cha Monash, na bastola nazo zikawekewa mipaka ya urefu wa mtutu, ukubwa wa risasi na magazini. Wanamichezo wa bastola wakatakiwa kushiriki kweli mashindano kila mwaka, si kubeba kadi ya uanachama tu. Mwaka 2015 ikazuka shotigani ya Adler, ambayo kwa kutumia wenzo badala ya pampu iliangukia makundi yenye masharti mepesi ingawa ingeweza kupakia risasi saba. Mwishoni mwa 2016 zenye nafasi ya zaidi ya tano zikapelekwa kundi D.

Kiraka kikubwa zaidi ni rejista. Mapatano ya 1996 yaliagiza kila bunduki iandikishwe, lakini kila jimbo likajenga daftari lake kwa mfumo wake, na taarifa zikawa zinavuka mipaka kwa kusuasua. Kwangu hili ndilo kosa zito kuliko yote, kwa sababu leseni, kibali na sababu halisi vyote ni karatasi, na karatasi hufaa pale tu anayeihitaji anapoweza kuisoma kwa wakati. Tarehe 12 Desemba 2022, polisi wawili na jirani mmoja waliuawa kwa risasi Wieambilla, Queensland, na wito wa kuwa na rejista moja ukapata nguvu. Mwaka mmoja baadaye viongozi wa nchi na majimbo walikubali kujenga rejista moja ya taifa, na wakajipa miaka minne. Rejista hiyo inatakiwa imwonyeshe polisi anayekwenda kugonga mlango wa nyumba, katika jimbo lolote, ni bunduki gani zimeandikishwa pale, ni za nani, na leseni ya mwenyewe iko hai au imesimamishwa.